Kibali cha Kivuli

Sogezeni masikio, na mwenye mwavuli aukunje, maana huko tunakokwenda mwavuli ukifunguliwa bila kibali ni uchochezi. Nchi yenyewe haitatajwa. Ina mawakili wengi kuliko mitende, na anayesimulia ana mbuzi watatu tu na anawapenda.

Basi palikuwa na bandari jangwani, ikiitwa Chumvini. Mbele bahari, nyuma mchanga, juu jua lisilo na haya. Misafara ya ngamia ilileta ngozi, ubani na tende, ikaondoka na mchele na vitambaa. Maji yalikuwa ya kisima kimoja, machungu kama dawa ya minyoo. Lakini watu wa Chumvini walikuwa na kitu kimoja walichojivunia, nacho ni kivuli.

Kivuli hakikuwa mali ya mtu. Asubuhi soko zima lilikaa upande wa magharibi wa kuta. Jua likivuka utosi, watu walikunja mikeka, wakabeba mizani na mabirika, wakahamia upande wa pili huku wakitaniana. Tajiri mwenye ukuta hakuweza kumfukuza mpagazi aliyeketi chini yake. "Ukuta wako, kivuli cha Mungu," walisema, na neno likaisha. Tena palikuwa na desturi nyingine: mtu akija kuketi kivulini haulizwi jina mpaka jasho limkauke. Kumwuliza mtu jina naye bado anahema ilikuwa aibu ya kuchekwa mwaka mzima.

Tatizo lilikuwa saa sita kamili. Saa hiyo kuta zote za Chumvini ziliishiwa kivuli, isipokuwa ukuta mmoja, wa Bi Ruzuna binti Khelef, mshona magunia. Babu yake aliujenga kwa mawe ya matumbawe, akatokeza upenu mrefu wa makuti, hatua saba nzima, na alipokuwa anakata roho alisema maneno matatu tu: "Upenu usifungwe, Ruzuna." Basi Bi Ruzuna aliketi pale na shazia yake, ile sindano kubwa ya magunia, akishona na kusimanga. "Wewe, kunja miguu hiyo, hapa si kwa mamako! Na wewe, sogea, mwenzio anaungua mgongo." Aliwasema wote na hakumkataza hata mmoja.

Mmoja wa waliokulia chini ya upenu ule ni Hashil, mwana wa jirani. Alitambaa pale, akaota meno pale, akafundishwa kuandika pale kwa mkaa, ukutani. Alimwita Bi Ruzuna shangazi. Mkumbukeni Hashil.

*

Siku moja Mlezi Mkuu wa nchi alisafiri ng'ambo, akarudi shingo imepinda. Taifa zima lilishikwa na hofu. Kumbe alikuwa ameyaangalia maghorofa marefu ya watu. Akalihutubia taifa huku kashikiwa kidevu na msaidizi.

"Wananchi wangu," alisema, "nimekwenda nchi za wenzetu, nimeumia shingo siku tisa. Nimerudi hapa, shingo imepona siku moja! Mnajua maana yake? Maana yake hatuna cha kutazama. Hii ni fedheha. Naahidi kwamba kabla ya miaka kumi, kila mgeni atakayekanyaga hapa ataondoka na shingo mbovu!"

Wakampigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Na kweli, ahadi ikatimizwa, tusimnyime haki yake. Chumvini ikafutwa kwenye ramani, mahali pake pakaandikwa Mji wa Kimataifa wa Upeo. Mchanga wa jangwani ulipimwa na washauri waelekezi, ukaonekana haufai kujengea, kwa hiyo ukaagizwa mchanga kutoka nje, ukaja kwa meli, ukapokewa kwa bendi na maua. Ngamia walipewa notisi. Kisima kikafukiwa, juu yake ikajengwa chemchemi ya kuchezesha maji kwa muziki, na kibao: Maji Haya Hayanywewi. Katikati ya yote ukasimama Mnara wa Upeo, ghorofa mia mbili na moja. Ile moja iliongezwa kwa sababu nchi jirani ilikuwa na mnara wa mia mbili.

Wajenzi waliletwa kutoka nchi za mvua, maelfu kwa maelfu. Watu wa nje wakaanza kuuliza maswali kuhusu jua na wajenzi, kama ilivyo tabia ya watu wa nje, basi ikatungwa Sheria ya Huruma: joto likizidi nyuzi arobaini, kazi isimame mara moja. Watu wa nje wakafurahi, wakatoa tuzo. Kipimajoto cha Taifa, hicho kimoja tu kinachotambuliwa na sheria, kikatundikwa mahali salama kisiibwe, yaani ukutani, ofisini kwa Waziri, chini ya kiyoyozi. Tangu siku hiyo hakijavuka ishirini na mbili. Redio hutangaza kila asubuhi kwamba hali ya hewa ni ya kupendeza na wananchi wanashauriwa kubeba sweta.

*

Ukuta wa Bi Ruzuna haukubomolewa. Si kwa huruma. Ulisahauliwa tu, kwa kuwa ulikuwa nyuma ya Mnara, karibu na mapipa ya taka, na waheshimiwa hawakufika upande huo. Magunia yaliisha, bandari ilikuwa sasa inashusha makontena. Bi Ruzuna akaanza kushona ovaroli za wajenzi. Wakaja na suruali zilizochanika magoti, wakaketi chini ya upenu, akawasimanga kama alivyowasimanga baba zao wa kazi, wapagazi wa zamani. Walikuwa hawajui lugha vizuri lakini matusi ya mapenzi yanaeleweka kila mahali.

Kati yao alikuwepo Lokiru. Kijana mrefu, mweusi, mwenye cheko, fundi wa kufunga vioo. Siku ya kwanza alikuja anahema kama mbwa. Bi Ruzuna akamwonyesha mkeka na kata ya maji, akaendelea kushona. Jasho lilipokauka ndipo akamwuliza, "Jina?"

"Lokiru, mama."

"Una mama wewe?"

"Ninaye. Anafikiri nakaa ndani ya mnara."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia najenga. Yeye kwao anayejenga ndiye anayekaa." Akacheka, na Bi Ruzuna akacheka naye mpaka shazia ikamchoma kidole.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, ila Mlezi Mkuu alitazama nje ya dirisha akaona kivuli cha Mnara kimelala jijini, kirefu, kizito, na chini yake watu wameketi bure. Moyo ukamchoma. Mali ya taifa inakaliwa! Kesho yake ikazaliwa Wizara ya Kivuli na Upepo Mwanana, na Waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Injinia Faharani Mbwarali, mtu aliyekuwa na tumbo lenye kivuli chake peke yake.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa!" alinguruma Waziri siku ya kuapishwa. "Kivuli hakianguki tu kutoka mbinguni, ndugu zangu. Kivuli kinajengwa! Kina gharama! Kina usanifu! Zamani, katika giza la ushamba wetu, mtu aliketi popote. Leo tunasema, ketini kwa mpangilio!"

Vivuli vikapimwa kwa kamba na kugawanywa kwa madaraja. Daraja la kwanza, kivuli cha Mnara na mahoteli, kwa wageni na wawekezaji. Daraja la pili, kivuli cha miti ya plastiki, kwa wananchi wenye kibali. Daraja la tatu, kivuli cha mlingoti wa bendera, kwa wajenzi. Msicheke. Saa ya mapumziko, wajenzi mia tatu walijipanga mstari mmoja nyuma ya mlingoti, kila mmoja kifua mgongoni mwa mwenzie, ili wote waenee katika kivuli chembamba kama mkanda. Kivuli kiliposogea, mstari wote ulisogea nacho, taratibu, kama akrabu ya saa. Watalii kwenye mabaraza ya mahoteli walipiga picha wakidhani ni ngoma ya asili. Bi Ruzuna aliona kwa macho yake, akatema mate chini. Palikuwa na kibao cha kukataza kutema mate, akakitemea nacho.

*

Hashil alikuwa keshakuwa mtu mkubwa. Afisa Kivuli, kofia, filimbi, buku la faini. Akaja ukutani kwa Bi Ruzuna, akakuta wajenzi kumi na wanne wamejaa chini ya upenu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Vua kofia uketi, umeiva kama kaa."

"Sikuja kuketi, shangazi. Nimekuja kikazi." Akakohoa, akafungua karatasi. "Wizara imegundua kwamba kuanzia saa nane kivuli cha Mnara kinaangukia hapa, kinachanganyika na cha upenu wako. Sasa haijulikani kipi cha serikali na kipi chako."

"Si vyangu vyote viwili. Ukuta wangu, kivuli cha Mungu. Hukumbuki?"

"Mungu hajasajiliwa wizarani, shangazi."

Wajenzi waliokuwa wameshaelewa lugha kidogo wakainamisha vichwa. Bi Ruzuna akaweka shazia chini. Nyuma yake, ukutani, bado zilionekana alama za mkaa: alifu, be, te, za mkono wa mtoto.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Uombe kibali. La sivyo itabidi nifunge. Si mimi shangazi, ni utaratibu."

Bi Ruzuna akaenda kuomba. Jambo lililokuwa moyoni mwake lilikuwa moja, upenu usifungwe, basi angekwenda hata kutambaa. Ofisi ya vibali ilifunguliwa saa sita kamili mchana na kufungwa saa sita na nusu. Walitaka picha mbili ndogo: moja ya mwombaji, moja ya kivuli chake, zote zipigwe pale pale uani na mpiga picha wa serikali. Bi Ruzuna akasimama uani, jua utosini. Mpiga picha akatazama chini, akazunguka, akainama.

"Bibi, kivuli chako kiko wapi?"

"Saa sita hii, baba! Nimekikanyaga!"

"Mimi napiga kinachoonekana." Akapiga picha ya saruji tupu.

Baada ya wiki mbili jibu likaja, na mhuri wa dhahabu: Ombi limekataliwa. Mwombaji ameonekana hana kivuli, hivyo hana uzoefu wa kukisimamia.

Hashil akaja na utepe mwekundu, akauzungusha upenu wote, fundo juu ya fundo. Hakumwangalia usoni. Bi Ruzuna naye hakusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea Chumvini wala Upeo.

*

Wiki ile ile ikafika sherehe ya kuzindua Mnara. Vioo vyote vilitakiwa ving'ae, kwa hiyo wajenzi walitundikwa kwa kamba wakivifuta tangu alfajiri. Vioo vilirudisha jua usoni mwao mara mbili. Redio ilisema nyuzi ishirini na mbili.

Saa sita kasoro, Lokiru alishushwa kwa kamba akiwa hajui aliko. Alikuwa mkavu, ngozi haina hata tone la jasho, anasema na mama yake kwa lugha ya kwao. Wenzake wawili wakambeba mbio. Hawakumpeleka kwenye mlingoti. Walimpeleka ukutani kwa Bi Ruzuna, na mbele ya utepe wakamkuta Hashil.

"Fungua!" Bi Ruzuna alikuwa keshasimama. "Hashil, fungua, mtoto anakufa!"

"Ana nini?"

"Jua! Huoni? Jua!"

Hashil akatoa simu, akapiga wizarani. Alijibiwa na afisa mwenye sauti ya mtu aliyetoka kula vizuri. Wote walisikia.

"Nyuzi ngapi huko kwenu? Hapana, usiniambie zako, ninaangalia za Taifa. Ishirini na mbili. Kwa ishirini na mbili mtu hawezi kuuguzwa na jua. Anafanyaje?"

"Anatetemeka, mkuu."

"Basi ni baridi. Mfunikeni blanketi."

Nanyi mtasema hapa msimuliaji anatia chumvi. Laiti. Blanketi lililetwa, la sufu, lenye nembo ya wizara, likiwa na risiti ya kusaini. Watu wawili wenye fulana za huduma ya kwanza wakamfunika Lokiru mpaka kidevuni, juani, mbele ya kivuli chenye hatua saba, wakampiga picha ya taarifa.

Bi Ruzuna hakupiga kelele. Alichomoa shazia kifuani pa kanga yake, akaukata ule utepe, fundo la kwanza, la pili, la tatu, akalitupa blanketi kule, akamkamata Lokiru kwapani. Mzee wa miaka sabini alimburuta kijana yule mrefu peke yake mpaka chini ya upenu. Akammwagia kata ya maji kichwani. Ya pili. Ya tatu haikuwa na maana tena.

Akakaa na kichwa chake pajani. Upande wa pili wa Mnara bendi ilianza kupiga.

"Andika," alimwambia Hashil. "Andika jina lake kwenye hilo buku lako. Mama yake aambiwe. Anaitwa Lokiru."

Hashil akafungua fomu, akaipitia mbele na nyuma. "Shangazi, fomu haina nafasi ya jina. Ina nafasi ya namba tu. Na sababu." Akaonyesha mstari wa chini. "Sababu wameshaniandikia. Mafua."

"Jina, Hashil."

"Hakuna pa kuliandika, shangazi! Wallahi nakuapia, hakuna!"

Watu wa wizara wakaja na gari la friji, lile la samaki wa sherehe, wakamchukua. Bi Ruzuna aliuliza anapelekwa wapi. Akaambiwa hiyo ni taarifa ya daraja la kwanza.

*

Sasa msifikiri serikali ile haina moyo. Habari za ajuza aliyekata utepe zilimfikia Waziri, naye akaguswa sana. Akaamuru ukuta uhifadhiwe. Mafundi wakaung'oa jiwe kwa jiwe, upenu na yote, wakausimamisha upya ndani ya ukumbi wa Mnara, penye kiyoyozi na taa pande zote nne, zisije zikaacha kivuli. Alama za mkaa zikawekewa kioo. Kibao kikasema: Ukuta wa Ukarimu Wetu wa Asili. Usiguse. Usiketi.

"Huu ndio utu wetu!" alisema Waziri akikata utepe mwingine, wa bluu. "Na utu, ndugu zangu, lazima ukae mahali pa baridi, usije ukaharibika!"

Mahali ukuta ulipokuwa pakabaki kiwanja kitupu, nacho kikahitaji mlinzi, watu wasije wakaketi kwenye kivuli kilichokuwepo zamani. Akawekwa Hashil. Hapakuwa na kibanda, maana kibanda kina kivuli na cheo chake hakikuruhusu. Kofia yenyewe alinyang'anywa ukingo baada ya ukaguzi.

Bi Ruzuna alikuja kila siku, akaketi kwenye kokoto pale pale palipokuwa na mkeka wake, akishona juani, kanga kichwani. Hawakusemeshana. Kila siku alitaka kuondoka asirudi, na kila siku alirudi, maana hapo ndipo mahali pekee alipojua Lokiru aliwahi kuwapo.

Siku ya tisa, saa sita, Hashil alianguka. Filimbi ilimtoka mdomoni, akalala chali kwenye kokoto, mkavu, hana jasho.

Bi Ruzuna alitazama. Haki ya Mungu, alitazama kitambo. Alikumbuka blanketi. Alikumbuka kila fundo la utepe mwekundu. Kisha akanyanyuka huku akilaani, akavua kanga yake ya juu, akachomeka vyuma viwili vya ujenzi ardhini, akaishona kanga juu yake kwa shazia, haraka haraka, hema la kushangaza lenye maandishi na maua. Akamvuta Hashil ndani ya kivuli kile kidogo. Yeye mwenyewe hakuenea, akabaki nje. Akamfungua vifungo, akamtilia maji kidogo kidogo, akampepea kwa kiatu cha Hashil mwenyewe. Hakumwuliza kitu. Alisubiri.

Baada ya muda mrefu jasho likaanza kumtoka Hashil kwenye paji la uso. Kisha likakauka. Akafumbua macho, akaona maua ya kanga juu yake, akaona uso wa mwanamke yule juani.

"Shangazi," alisema, kwa sauti ile ya zamani.

Moyo wa Bi Ruzuna ukafunguka wote kwa mara moja. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Hashil akainuka, akakaa kitako. Akajifuta vumbi. Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja, akaitazama kanga, vyuma viwili, kile kivuli chini yake. Akatia mkono mfukoni, akatoa buku la faini na kalamu.

"Shangazi, hiki ni kivuli kisichosajiliwa. Kamera zinaona." Hakuinua macho. "Jina kamili?"

Fadhila ya punda, wahenga walisema, na punda wenyewe wangeona haya siku ile. Bi Ruzuna akalichungulia buku. Aliiona fomu. Fomu ya faini, tofauti na ile nyingine, ilikuwa na nafasi ya jina, pana, mstari mzima, kwa herufi kubwa.

"Andika," alisema. "Lokiru."

Kalamu ikasimama. Hashil alimtazama. Lakini mkono ule ulikuwa umeshazoea kuandika kinachosemwa, ukaandika.

Faini haikulipwa, shauri likapanda ngazi baada ya ngazi, mpaka likafika kwa Mlezi Mkuu mwenyewe. Na ukienda Upeo leo utaliona tangazo lile kila nguzo, kila kituo, hata kwenye mlango wa dhahabu wa Mnara, kwa herufi za kusomeka na kipofu: Lokiru anatafutwa na serikali kwa kosa la kuwapa watu kivuli. Wajenzi wapya wakishushwa melini husimama mbele ya tangazo hilo na kuulizana ni nani huyu, na Bi Ruzuna, akiwa na shazia yake mkononi, huwaambia kwanza wapumzike, jasho liwakauke.